Juu ya Namna za Maswali

Kazi ya mwalimu wa usharika ni kazi ya maneno, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni maswali. Mwalimu huuliza darasani, huuliza kitandani pa mgonjwa, huuliza katika baraza la wazee. Walakini wengi tumefundishwa kuhubiri, tukafundishwa na kuandika vitabu vya usharika, bali kuuliza hatukufundishwa. Twadhani kuuliza hakuna ufundi, kwa kuwa hata mtoto anayeanza kusema huuliza mchana kutwa. Basi mwezi huu twataka kuyatazama maswali yenyewe, namna zake, na wakati unaoipasa kila namna. Kwani swali linalofaa mahali pamoja laweza kumdhuru mtu mahali pengine.

Tuanze darasani. Ukiingia katika darasa la ubatizo, mara nyingi utasikia hivi. Mwalimu asema, "Mungu ndiye aliyeviumba vitu vyote, sivyo?" Wote wajibu kwa sauti moja, "Ndiyo." "Tena yatupasa kumshukuru, sivyo?" "Ndiyo." "Haya, mmefahamu?" "Ndiyo, tumefahamu." Somo limekwisha, mwalimu aenda zake kwa furaha. Lakini amepata kujua nini? Amepata kujua ya kuwa wanafunzi wake wana sauti. Kama wanalo na neno moyoni, hilo hakuliuliza.

Swali la "sivyo" si swali, ni habari iliyovikwa nguo ya swali. Jibu limo ndani yake tayari, mwanafunzi hana kazi ila kulirudisha kwa mwenyewe. Tena kwetu kuna adabu: kumkatalia mkubwa mbele ya watu si jambo jema, na kusema "sikufahamu" ni kama kumwambia mwalimu kwamba hakufundisha vizuri. Kwa hiyo mtu mwenye adabu hujibu "ndiyo" hata kama maneno yote yamempita juu ya kichwa. Mwalimu asimlaumu. Aliulizwa kwa namna isiyompa njia nyingine.

Kipimo cha swali la namna hii ni rahisi. Mwalimu na ajiulize: Je, mtu aliyelala usingizi katika somo lote, akaamshwa sasa hivi, aweza kulijibu swali langu sawasawa? Kama aweza, swali hilo halipimi kitu.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia katika jambo hili. Tunalo neno dogo "je", nalo hukaa mahali pawili. Likikaa mwanzoni, swali hutaka neno moja tu: "Je, umelifahamu somo?" Likihamia mwishoni mwa kitendo, mtu hana budi kusimulia: "Umelifahamuje somo?" Hapo "ndiyo" haifai tena; anayejibu "ndiyo" atachekwa na wenzake. Vivyo hivyo "Je, mliishi kwa amani nyumbani wiki hii?" na "Mliishije nyumbani wiki hii?" Herufi ni zile zile, mahali pamebadilika, na mlango uliofungwa umefunguka. Mwalimu atakayezoea kuihamisha "je" yake kutoka mwanzo hata mwisho ataona tofauti siku ile ile.

Wala hatusemi ya kwamba swali la neno moja halina mahali pake. Mahali pake ni pakubwa sana. Katika ubatizo, katika kipaimara, katika ndoa, mtu huulizwa mbele ya usharika, naye hujibu kwa neno fupi. Hapo hatutafuti kujua habari, twataka ahadi. Jibu ni fupi kwa sababu ni zito, na mashahidi wapo wamelisikia. Bwana arusi haulizwi mbele ya madhabahu kwa nini alimpenda binti huyu kuliko wengine. Angeulizwa hivyo, ibada ingechelewa kwisha, na huenda baba mkwe asingefurahi. Bali yale ya "kwa nini" na "umefikirije" mchungaji aliwauliza wote wawili mapema, chumbani mwake, kabla ya siku ya ahadi. Makosa huja tunapoyageuza: tukitaka ahadi darasani ambapo tungepima ufahamu, tena tukianza kupima ufahamu pale ambapo imebaki ahadi tu.

Sasa twaja kwenye jambo la lugha yetu ambalo laweza kumwumiza mtu, nalo lataka kuangaliwa sana, hasa na wazee wanaoketi barazani. Kwa Kiswahili neno "ndiyo" maana yake ni "ndivyo ilivyo, kama ulivyosema." Basi mtu akiulizwa, "Hukufika jana?" naye hakufika, hujibu, "Ndiyo, sikufika." Aliyefika hujibu, "La, nilifika." Hivi ndivyo wazee wetu wasemavyo. Lakini Mwingereza ambaye hakufika, ukimwuliza hivyo, atajibu "la". Na Mjerumani aliyefika analo neno lake la pekee la kujibia swali la kukanusha, "doch", ambalo sisi hatuna mfano wake.

Fikirini basi habari ya kijana anayeshitakiwa kwa ajili ya fedha za sadaka. Mwulizaji amwambia, "Wewe hukuzichukua?" Kijana ajibu, "Ndiyo." Kwa lugha yake amesema ya kwamba hakuzichukua. Lakini mwulizaji aliyelelewa katika lugha nyingine amesikia ungamo, naye anaandika kitabuni, "Amekiri." Kijana huyu ataondolewa katika kwaya, baba yake ataona haya kupita mbele ya watu, na yote ni kwa neno moja alilolisema kwa unyofu. Wala msidhani jambo hili lilikuwa la siku za wamisionari tu. Vijana wetu waliosoma Kiingereza miaka mingi shuleni, wengine hujibu kwa desturi ile, na wazee hujibu kwa desturi hii, nao huketi katika baraza moja. Kila mmoja humsikia mwenziwe kwa masikio yake mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kukanusha lisiingie barazani. Na kama limekwisha kuponyoka kinywani, basi pasiandikwe "ndiyo" wala "la". Mwenye kujibu aambiwe kwa upole, "Sema maneno yote, ndugu." Hapo atasema "nilizichukua" au "sikuzichukua", na hakuna atakayekosea kusikia.

Kwa kuwa tumeingia barazani, tukae kidogo. Twaona ya kuwa huku maswali huharibika zaidi kuliko darasani, na hasara yake ni kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyeulizwa vibaya hukosa kujifunza jambo moja. Mshitakiwa aliyeulizwa vibaya aweza kutengwa na Meza ya Bwana.

Tuseme mama mmoja wa usharika ameitwa mbele ya wazee, kwa kuwa maneno yamezagaa juu yake. Mzee amwuliza, "Ulikwenda nyumbani kwa fulani usiku?" Ajibu, "Ndiyo." Wazee wanatazamana. Swali la pili, "Ulikaa mpaka alfajiri?" "Ndiyo." Basi, kwao habari imekwisha. Lakini mke wa fulani alikuwa na uchungu wa kuzaa usiku ule, naye mama huyu aliitwa kumsaidia, akakaa mpaka mtoto akazaliwa. Kwa nini hakusema? Kwa sababu hakuulizwa. Yeye ni mtu wa heshima, amesimama mbele ya wakubwa, wamempa nafasi ya neno moja, naye akatumia neno moja. Majibu yake yote mawili yalikuwa kweli, na hukumu iliyotoka humo ikawa uongo.

Njia iliyo njema ni kuanza na swali pana, ndipo yaje yaliyo membamba. "Mama, tusimulie habari ya usiku ule, tangu ulipotoka nyumbani hata uliporudi." Kisha wazee wanyamaze mpaka amalize. Wasimkate maneno, hata akianza mbali, hata akitaja kuku na mbuzi wasiohusika. Akiisha, ndipo waulize yaliyobaki: saa ngapi, nani mwingine alikuwako, ulikutana na nani njiani. Maswali membamba ni mazuri yakija nyuma, kwa kuwa hutafuta kujua kama habari yasimama. Yakitangulia, huifinyanga habari kwa sura aliyokwisha kuiwaza mwulizaji.

Tena kuna neno "mbona". Wengine hudhani "mbona" na "kwa nini" ni neno moja, lakini sivyo, na mwenye kuzaliwa katika Kiswahili ajua. "Kwa nini ulichelewa?" hutaka sababu. "Mbona umechelewa?" husema, "Nilikutazamia, nawe umenivunja moyo." Mbona hushangaa, au hulaumu, nalo hulishika jambo kana kwamba limekwisha kuthibitika. Mzee amwambiaye mtu barazani, "Mbona ulimpiga mkeo?" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikia shahidi hata mmoja. Mbona ni neno la mtu aliyeumia. Ndiyo maana lafaa sana katika sala za huzuni. Mwenye Zaburi amwuliza Mungu mbona amesimama mbali, wala Mungu hakumkemea kwa kuuliza hivyo. Mama aliyeachwa aweza kumwuliza mumewe mbona. Lakini anayeketi mahali pa mwamuzi hakuumizwa yeye, wala neno hilo si lake.

Tufungue sasa Maandiko, tuone jinsi maswali yalivyoanza ulimwenguni. Jambo la ajabu ni hili: katika kitabu cha Mwanzo, swali la kwanza lililoandikwa halikutoka kwa Mungu wala kwa mwanadamu. Lilitoka kwa nyoka. Nalo lilikuwa la namna gani? Lilikuwa swali lenye uongo ndani yake. Mungu alikuwa amewakataza mti mmoja. Nyoka akauliza kana kwamba amewakataza miti yote ya bustani. Mwanamke akaanza kumsahihisha, na katika kumsahihisha akaongeza neno lake mwenyewe, la kutougusa, ambalo halikutajwa katika agizo la kwanza. Amekwisha kuingia katika mazungumzo yaliyochaguliwa na mwenziwe. Hivi ndivyo lifanyavyo kazi swali lenye kitu kilichofichwa ndani: ajibuye, hata akikataa, amesimama tayari mahali alipowekwa.

Kisha, katika sura ile ile ya tatu, twasikia maswali ya Mungu. Yeye aliyejua yote hakuanza na hukumu. Alianza kwa kumwuliza Adamu mahali alipo. Halafu akauliza ni nani aliyemwambia habari ya uchi wake. Na baada ya hayo ndipo akauliza habari ya mti wenyewe. Tazameni utaratibu wake. Swali la kwanza ni pana, nalo lamwachia Adamu nafasi ya kutoka mwenyewe mafichoni. La mwisho ni jembamba, lauliza tendo lenyewe. Mungu hakuwa na haja ya habari. Adamu ndiye aliyekuwa na haja ya kusema. Basi ikiwa Hakimu ajuaye siri zote aliuliza kabla ya kuhukumu, sisi tusiojua hata yaliyotendeka nyumba ya pili tutawezaje kufupisha?

Turudi darasani, maana hatujasema neno juu ya swali la kukumbuka, yaani lile linalotaka mtu aseme kwa moyo yale aliyojifunza. Siku hizi wengine hulidharau, husema ni kazi ya kasuku. Sisi hatukubali. Mgonjwa asiyeweza tena kusoma, mfungwa asiye na kitabu, mzee aliyepofuka macho, hao huishi kwa yale waliyoyatia moyoni zamani. Martin Luther alipotumwa mwaka 1528 kuzikagua sharika za Saxony, alihuzunika sana kuona watu wa vijijini hawajui hata Amri, wala Imani, wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo. Sehemu zake za kwanza zilipigwa chapa juu ya karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, kabla ya kuwa kitabu, ili baba wa nyumba azitazame na kuwauliza watoto na watumishi wake. Naye akaagiza kwamba maneno yafundishwe kwa namna moja tu, pasipo kuyabadili mwaka hata mwaka, wasije wasiojua wakachanganyikiwa.

Lakini Luther huyo huyo, katika maandishi yake ya mwaka 1526 juu ya ibada kwa lugha ya Kijerumani, alikwisha kuonya ya kwamba haitoshi watoto kuyasema maneno kwa moyo. Alitaka waulizwe sehemu kwa sehemu, kila sehemu ina maana gani, nao wanaifahamuje. Kwa sababu hii katika Katekisimo kila amri na kila ombi hufuatwa na swali la kuuliza maana. Basi namna hizi mbili zilitoka mkononi mwake pamoja: swali la kukumbuka likitangulia, swali la maana likifuata.

Hatari yetu ni kwamba hata swali la maana limegeuka kuwa la kukumbuka. Mtoto huulizwa maana ya amri, naye hujibu kwa maelezo ya Luther, neno kwa neno, pasipo kujua alisemalo. Kila mwalimu anajua ya kuwa maelezo ya amri karibu yote huanza kwa maneno yale yale ya kumcha na kumpenda Mungu. Kwa hiyo mtoto huanza kuimba kabla hajajua ni amri ya ngapi aliyoulizwa, akitumaini ya kwamba mwenzake aliye karibu atamnong'onezea zilizobaki.

Ndipo lahitajika swali la tatu, ambalo halikuandikwa kitabuni, bali mwalimu hulitunga mwenyewe. Twaliita swali la kutafuta. Kwa mfano, baada ya amri ya nane, ile ya kumshuhudia jirani uongo, mwalimu aulize: "Je, mtu aweza kuivunja amri hii pasipo kusema uongo hata neno moja?" Hapa hakuna jibu la kuimba. Darasa litanyamaza. Baadaye mmoja atasema haiwezekani. Mwingine, pengine msichana aliyekaa nyuma, atasema yawezekana, mtu akieneza aibu ya mwenziwe iliyo kweli. Atatokea wa tatu na kusema, hata akinyamaza wakati jirani anaposingiziwa. Nao wamefika pale pale Luther alipotaka wafike, maana katika maelezo yake hakukataza uongo tu. Alituagiza kumtetea jirani na kumnenea mema. Tofauti ni kwamba safari hii wamefika kwa miguu yao.

Amri ya tano nayo ina swali la namna hii: "Mtu amempita mwenye njaa mlangoni pake, akamwacha, ameivunja amri gani?" Wengi watatafuta katika amri ya saba. Na kwa amri ya saba uliza habari za sokoni: kibaba chenye kitako kilichobonyezwa ndani, maziwa yaliyotiwa maji, fundi aliyepokea malipo ya siku nzima akafanya kazi nusu siku. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana, uliza kama mvua imo ndani ya neno mkate. Uliza kama jirani mwema yumo, na serikali njema. Watoto watacheka kwanza. Kisha wafungue Katekisimo na kutazama wenyewe.

Wala namna hii si ngeni kwetu. Bibi zetu waliitumia jioni kando ya moto kabla hatujapata shule. Anayeuliza husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Naye husema, "Nyumba yangu haina mlango." Watoto hutafuta, hutaja hiki na hiki, mpaka mmoja aseme, "Yai!" Wakishindwa kabisa, bibi hadai aibu yao, hudai mji. "Nipe mji," asema, nao humpa mji wowote waupendao, ndipo hujibu mwenyewe. Angalieni hekima iliyomo. Aliyeshindwa hakuchapwa wala hakuitwa mjinga. Alilipa kidogo kwa mchezo, akapata jibu, na kesho atalitega yeye kwa wengine. Mwalimu amwitaye mtoto mjinga kwa jibu lisilo sawa hatapata jibu la pili kutoka kwake, wala kutoka kwa wale walioketi karibu naye.

Swali la kutafuta lataka kungoja, na kungoja ni kazi ngumu kwa walimu. Mwanamke mmoja msomi wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa mengi, akaandika katika miaka ya 1970 ya kwamba mwalimu akiisha kuuliza hungoja kama sekunde moja tu, kisha hujijibu mwenyewe au humwita mwingine. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, na wale waliokuwa wakinyamaza siku zote wakaanza kusema. Sekunde tatu! Ni muda wa kuvuta pumzi moja kwa utulivu. Twawasihi walimu wajaribu. Mtaona jinsi kimya kile kinavyowaogopesha ninyi kuliko wanafunzi.

Bwana wetu aliuliza sana, nasi hatuwezi kuyataja maswali yake yote. Tutazame machache, tuone jinsi alivyoyachagua. Yule mwana-sheria katika Luka 10 alitaka mpaka: aliuliza jirani yake ni nani, apate kujua na asiye jirani ni nani. Swali lake lilikuwa la kuhesabu watu. Bwana hakulijibu lile. Alisimulia habari ya aliyeanguka kati ya wanyang'anyi, kisha akamrudishia swali lililogeuzwa: kati ya wale watatu, ni yupi aliyekuwa jirani kwa mtu yule? Hapo mwana-sheria hakuweza tena kuhesabu wengine. Alilazimika kujitazama mwenyewe. Wakati mwingine kazi ya mwalimu si kulijibu swali lililoletwa, bali kumpa mtu swali lililo bora.

Na pale Kaisaria ya Filipi, katika Mathayo 16, aliwauliza wanafunzi kwanza habari ya watu: wao hunena ya kuwa Mwana wa Adamu ni nani? Hilo ni jepesi, kila mmoja aweza kutaja aliyoyasikia. Walipokwisha kusema kwa uhuru, ndipo akawageukia wao: nao je? Mwalimu wa kipaimara aweza kuifuata njia hiyo hiyo. Asianze kumwuliza kijana wa miaka kumi na minne mbele ya wenziwe kama anamwamini Yesu kwa kweli. Aulize kwanza vijana wa kijijini husema nini juu ya imani. Kijana atasema mengi, na mengine yatakuwa yake mwenyewe.

Kwa Petro aliyemkana, Bwana hakuuliza mbona. Twaliangalia hilo sana. Neno la mtu aliyeumia lilikuwa haki yake, naye hakulitumia. Baada ya kula samaki ufuoni alimwuliza kama anampenda, akamwuliza mara tatu, kwa hesabu ya kukana kwake. Na kila jibu likafuatwa na kazi ya kondoo. Swali la moyo kama hili haliulizwi kila Jumapili, wala haliulizwi na kila mtu, wala mtu akiwa na njaa. Mwinjilisti anayekwenda kwa mgonjwa akaanza na maswali ya namna hii, huku nyumba imejaa majirani, amefanya haraka. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona haja yake, hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Basi mwulizeni mgonjwa, "Ungependa tuombe juu ya neno gani?" Huenda tukadhani ataja maumivu ya mguu, naye akamtaja mtoto wake aliyekwenda mjini na hajaandika barua.

Limebaki jambo la maswali yanayotuelekea sisi. Yako ya mitego, kama yale ya kodi ya Kaisari. Nayo si kila mara yahitaji jibu. Walipomwuliza Bwana hekaluni kwa mamlaka gani anatenda, aliwauliza juu ya ubatizo wa Yohana, nao walipokataa kujibu, yeye pia hakujibu. Lakini tusiharakishe kudhani kila swali gumu ni mtego. Zakaria na Mariamu waliuliza maneno yanayofanana sana katika Luka 1. Mmoja akawa bubu kwa kutokuamini, mwingine akajibiwa kwa upole. Sisi hatuioni mioyo. Mtoto akiuliza, "Na Mungu aliumbwa na nani?" tukamfukuza kama mtukutu, huenda tumemfukuza mtu ambaye alikuwa akifikiri kweli kwa mara ya kwanza. Sheria ya Pasaka yenyewe, katika Kutoka 12, ilitazamia ya kwamba watoto watauliza maana ya ibada ile. Na yale mawe kumi na mawili ya Yordani yaliwekwa makusudi ili watoto wayaone na kuuliza.

Mwalimu asiyejua jibu na aseme, "Swali lako ni jema, sina jibu lake leo." Hatapoteza heshima. Ila awe na daftari ndogo, aliandike swali hapo hapo mbele ya mwenye kuuliza, pamoja na jina lake na tarehe. Mchungaji afikapo kwa ziara asomewe maswali yale, na jibu lirudishwe darasani kwa mtoto yule yule aliyeuliza, hata kama imepita miezi miwili, hata kama yeye mwenyewe amekwisha kusahau.